Chanjo Iliyofika Kimya

Siku ninayoikumbuka, mwanangu, haikuzaliwa yatima. Ilikuwa na wazazi wake, nao ni hali na mazoea yaliyokuwapo kabla yake. Kwa hiyo, kabla sijakufikisha kwenye siku yenyewe, nitakutajia kwanza hao walioizaa. Usinihimize, kwa maana mwenda pole hajikwai.

Wakati huo Momba ilikuwa haijawa wilaya. Sisi sote, wa milimani na wa bondeni, tulihesabiwa kuwa watu wa Mbozi, na mimi nilikuwa bwana mifugo kijana katika kituo kidogo cha Msangano. Serikali ilikuwa imeanza kuwaachia watu binafsi kazi nyingi ilizokuwa ikizifanya yenyewe. Malori ya idara yetu yalikuwa yamewekwa juu ya mawe huko Mbeya, hayana magurudumu, na kuku walikuwa wakitaga ndani yake. Basi kazi ya kupeleka chanjo vituoni ikatangazwa zabuni, na wafanyabiashara wakaitwa waje washindane.

Kituo changu kilikuwa chumba kimoja, uchochoro wa miti wa kubania ng'ombe wakati wa kuwachanja, na friji moja ya mafuta ya taa. Friji hiyo haikuwa ikiwaka siku zote. Mafuta tuliyopewa yalikuwa haba, tukayatunza kama mgonjwa anavyoitunza pumzi yake. Na kwa joto la bonde lile, tangu utambi uwashwe hadi ndani kupoe kiasi cha kuhifadhi chanjo, ilipita siku nzima na zaidi. Tena wakati wa kiangazi ng'ombe hawakuwa karibu. Walikuwa malishoni, mbali, kuelekea mto Momba, na kuwarudisha kulihitaji mjumbe wa baiskeli wa kwenda na subira ya kwato katika kurudi.

Kwa sababu hizo mkataba uliwekewa sharti. Msafirishaji asiondoe gari Mbeya kabla hajapeleka taarifa kituoni, akieleza amebeba nini, kiasi gani, kwa gari gani, na siku gani anatazamia kufika. Na asiondoke kabla hajapata jibu kwamba mpokeaji yuko tayari. Taarifa ingepita katika redio ya mawasiliano ya misheni iliyokuwa jirani yetu. Jumapili iliyopita ulikuja kwangu umenuna kwa kuwa lori lako limerudishwa langoni pa bohari ya serikali, na kosa lako ni kutotuma taarifa ya namna hiyo. Uliniuliza: mzigo upo, gari lipo, wanataka nini tena? Swali lako si la kipuuzi. Jibu lake ndilo hili ninalolisimulia.

Aliyeshinda zabuni yetu alikuwa Mzee Hamduni, mfanyabiashara wa Tunduma, mzaliwa wa Kondoa aliyehamia mpakani angali kijana. Nataka umjue kwa haki yake. Hakuwa mlaghai. Mizani yake ilikuwa sawa, swala yake ilikuwa kwa wakati, na mwezi wa Ramadhani maskini wa mtaa wake walifuturu uani kwake. Lakini biashara aliisomea katika miaka ya uhaba, wakati sabuni na mafuta ya kula yalipokuwa yakivushwa kutoka Zambia kwa njia za panya. Katika miaka ile mtu aliyetaja mzigo wake kabla ya kuushusha aliupoteza, ama kwa mgambo, ama kwa wezi, ama kwa jirani mwenye kijicho. Wafanyabiashara wa Tunduma wakajiwekea desturi kwamba safari haitajwi. Mtu akienda Mlowo kununua mahindi, husema anakwenda msibani. Akileta vitenge, juu yake hupanga magunia ya pumba. Watu walitania kwamba mke wa Hamduni hujua mumewe amesafiri pale tu anapouona msumari wa kikoi uko mtupu.

Desturi hiyo iliwalinda, na iliwalisha watoto wao. Wahenga walisema kawaida ni kama sheria. Walichoniachia nikigundue mwenyewe ni kwamba sheria inayodumu baada ya sababu yake kuondoka haimjui tena iliyekuwa ikimlinda.

Sasa umjue mtu wa tatu. Mzee Masanja alikuwa Msukuma aliyeshuka na mifugo yake kutoka kaskazini akitafuta majani, akajenga pembezoni mwa Msangano, mahali ambapo ungeweza kuliona zizi lake ukisimama mlangoni pa kituo changu. Ng'ombe wake ndio waliovuta majembe katika mashamba yake ya mpunga na ufuta. Ndio waliowaolea wanawe wawili wakubwa, na ndio waliotarajiwa kumwolea wa tatu. Wajukuu wake walilelewa kwa maziwa yao. Ng'ombe hao wakiondoka, hapakuwa na kitu kingine cha kuwaweka watu wa boma lile pamoja, na mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote.

Mwaka huo homa ya mapafu ya ng'ombe ilikuwa imeonekana ng'ambo ya mto. Huenda hujapata kuuona ugonjwa huo, na namwomba Mungu usiuone. Ng'ombe husimama ameinyoosha shingo, viwiko ameviweka nje kama mtu anayebeba ndoo mbili, na kila pumzi anaitoa kwa kuguna. Masanja alikuja kituoni akiwa amevaa kofia yake ya manyoya, akaketi juu ya debe, akaniuliza jambo moja.

"Daktari, nihame au nikae?"

Nilimwambia akae. Nilimweleza kwamba ng'ombe anayehamishwa hubeba maradhi mgongoni akayagawa njiani, na kwamba chanjo imekwisha kuagizwa. Nikamweleza pia habari ya lile sharti: kabla gari halijaondoka Mbeya sisi tutajua, friji itawashwa, na mjumbe atakwenda malishoni kuwaita wanawe, ili chanjo na ng'ombe vikutane hapa pasipo kimoja kukingoja kingine. Alilisikiliza jambo hilo kwa makini, akataka nimrudilie sehemu ya taarifa, kisha akaitikia kwa kichwa.

"Basi nimeketi juu ya neno lako, Daktari. Siku utakapoinuka, unishtue nisianguke."

Tangu hapo, kila siku ya mnada, alipita mlangoni pangu na mzaha wake. Siku moja aliniuliza kama chanjo ya serikali inatembea kwa magoti. Siku nyingine alisema mbele ya watu kwamba Daktari amechumbia mwanamke wa Mbeya aitwaye Chanjo, mahari ameshatoa, bibi harusi haonekani. Watu wakacheka, nami nikacheka. Lakini niliona kwamba kila alipomaliza kucheka alitazama upande wa mto.

Basi ikawa siku moja, katika kiangazi kile, jua likiwa utosini, nikasikia mngurumo wa lori. Nilitoka nje nikidhani ni wanunuzi wa ufuta. Lilikuwa lori la Mzee Hamduni, na yeye mwenyewe alikuwa ameketi karibu na dereva, kwa kuwa mzigo aliouthamini hakuwa akimwachia mtu. Nyuma palikuwa na magunia ya pumba, yamepangwa hadi juu na kufunikwa turubai jeusi. Akashuka, akajifuta vumbi, akanishika mkono kwa furaha ya mtu aliyetimiza ahadi.

"Daktari, mzigo wako huu hapa. Tangu Mbeya mpaka hapa hakuna jicho lililouona."

Nikamwuliza uko wapi. Akaonyesha chini ya pumba.

Wapagazi walishusha magunia yote ndipo makasha yakaonekana. Yalikuwa yamelala sakafuni mwa lori, juu ya bati lililopokea moto wa injini na wa barabara, na juu yake yalikuwa yamebeba pumba iliyohifadhi joto kama blanketi. Mwenyewe alinisimulia kwamba Mlowo walisimama kutwa nzima wakijifanya wanasubiri mahindi, ili watu wasijiulize gari linakwenda wapi, kisha wakapita njia ya kuzunguka. Hakunisimulia kwa aibu. Alinisimulia kama fundi anavyoeleza ufundi wake.

Nilifungua kasha la kwanza. Barafu ilikuwa imekwisha. Vichupa vilikuwa vikielea, karatasi zake zimebanduka, na nilipotia mkono niliyakuta maji yana uvuguvugu, kama yale ya kumwogeshea mtoto mchanga. Nikafungua la pili, nikafungua yote. Ndani ya chumba friji ilikuwa kimya na utambi wake mkavu. Malishoni kule hakuna aliyejua kitu.

Nilimwuliza Mzee Hamduni kwa nini hakupeleka taarifa kama mkataba ulivyotaka. Alinitazama kwa huruma, jinsi mtu mzima anavyomtazama kijana ambaye dunia haijampiga.

"Nikuarifu wewe, mwanangu, ili asikie nani? Redio ya misheni husikilizwa na nusu ya bonde. Mzigo ukitanguliwa na mdomo, kinachofika ni mdomo."

Nikamwambia kwamba hapa hapakuwa na mwizi wa chanjo ya ng'ombe, wala mgambo wa kuikamata, na kwamba mali aliyobeba ilikuwa halali, ya serikali, yenye muhuri. Alitaka kunijibu, na nadhani jibu alilokuwa nalo lilikuwa lilelile alilolitumia maisha yake yote. Ila kabla hajalitoa, Masanja alifika. Alikuwa ameliona vumbi la lori kutoka zizini kwake, akaja mbio kwa kadiri miguu ya uzee ilivyomruhusu. Kofia alikuwa ameishika mkononi.

Hakuuliza mengi. Alitazama makasha, akatazama uso wangu, akaelewa kwamba chanjo imekuja na kwamba haikuja. Alichutama karibu na kasha, akatoa kichupa kimoja majini, akakigeuzageuza kwenye jua.

"Choma tu, Daktari. Kilichochoka si kilichokufa."

Nilimweleza, kwa maneno mepesi niliyoweza kuyapata, kwamba kilichomo ni kitu chenye uhai, na joto limekwisha kuua uhai huo. Nikichoma ng'ombe wake kwa maji yale, hawatapata kinga yoyote. Yeye mwenyewe ndiye atakayepata imani tu, na kwa imani hiyo atawachanganya ng'ombe wake na wa jirani kwenye maji ya kunywa. Alinisihi tena. Akasema wanawe anaweza kuwaita leo hii, watembeze ng'ombe bila kupumzika. Akasema kama ni dhambi, aandikiwe yeye. Mwanangu, nimefanya kazi miaka mingi baada ya siku ile, na sijawahi kukataa jambo kwa uzito kama nilivyolikataa lile. Nilivimwaga vichupa vyote shimoni mbele yake, ili asije akashawishika mtu mwingine kuvitumia.

Ndipo Masanja alipomgeukia Mzee Hamduni. Walikuwa rika moja. Hakupaza sauti, na wapagazi waliokuwa wakipanga upya magunia waliacha kazi wakasikiliza.

"Mzee mwenzangu, nataka kuelewa. Ulikuwa unamficha nani?"

Hamduni akasema alikuwa anawaficha wezi.

"Wezi hawakujua, ni kweli. Na mimi sikujua. Umenitia mimi na mwizi katika kapu moja, ukafunika, ukatupita."

Hamduni akasema kwamba atageuza gari saa ile ile, arudi Mbeya, alete nyingine kwa gharama yake. Ilinibidi nimweleze kwamba bohari ya Mbeya haikubakiwa na chanjo. Ingebidi iombwe upya Dar es Salaam, na maombi yana njia yake. Akauliza je, akienda mwenyewe Dar es Salaam? Nikamwambia hata akienda mwenyewe. Akaketi kwenye ngazi ya lori lake, kikoi kimejaa vumbi la pumba, na sala ya adhuhuri ikampita akiwa amekaa pale, jambo ambalo dereva wake aliniambia hakuwahi kuliona.

Wahenga wanasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nimekuwa nikiitafakari methali hiyo tangu siku ile. Walioitunga walikuwa na mgeni wao akilini, yule ambaye habari zake zimetangulia, kuku akakamatwa, maji yakatiwa jikoni, kitanda kikatandikwa. Mgeni asiyejulikana kuwa anakuja humkuta mwenyeji shambani, na moto umezimika. Hata akiwa amebeba uponyaji mkononi, hana pa kuuweka.

Sasa nisikilize vizuri, kwa maana hapa ndipo ninapokuachia neno. Ukipewa kazi na serikali ya kupeleka kitu mahali, usidhani kwamba kazi yako ni kitu hicho. Kazi yako ni mkutano wa kitu hicho na yule anayekihitaji, na mkutano hauwezi kufanywa na mtu mmoja. Yule wa bohari aliyelirudisha lori lako ana vibarua wa kuita, ana chumba cha kufagia, ana mzigo mwingine wa kusogeza, na nyuma yake kuna watu usiowajua waliopanga siku zao kwa kutegemea neno lake. Neno lake linategemea lako. Kwa hiyo tuma taarifa kabla gari halijawashwa. Taja ulichobeba kwa jina lake, na kiasi chake, na gari, na dereva, na siku. Kama mzigo unaogopa joto au maji, sema. Usimwachie mpokeaji abahatishe. Kisha ngoja jibu. Taarifa isiyojibiwa usiihesabu kuwa imefika. Na ukikwama njiani, tuma nyingine, hata kama ni ya kukutia aibu, kwa sababu anayejua kwamba umechelewa anaweza kufanya jambo, na asiyejua hukaa tu akitazama barabara.

Wala sikuambii uanike mambo yako sokoni. Siri ina mahali pake, na mpaka wa Tunduma haujaacha kuwa na macho mengi. Ila kila unapofunika mzigo, jiulize unaowafunikia ni akina nani, na je, yule unayempelekea yumo miongoni mwao? Mazoea yana taabu, hasa mazoea yaliyowahi kutuokoa. Hayo huyaachi kwa kuambiwa na karatasi ya mkataba. Unayaacha kwa kumfikiria mtu aliye mwisho wa safari, jina lake, zizi lake, na kile atakachokikosa.

Mungu akufungulie njia, mwanangu, akupe gari zima na dereva mwenye adabu, na kila uendako akukutanishe na mwenyeji aliye macho, aliyesikia habari zako kabla ya kuliona vumbi lako. Amina.

Yaliyofuata ni haya. Chanjo nyingine iliombwa, ikaja masika yalipokuwa yameanza. Safari hiyo Mzee Hamduni alipeleka taarifa, nikajibu, friji ikawashwa, wafugaji wakaitwa, na makasha yalifika na barafu yake. Ng'ombe wengi wa bonde lile walichanjwa. Wa Masanja walikuwa wakikohoa tangu mwisho wa kiangazi, na ng'ombe anayekohoa hachanjwi. Wachache waliobaki aliwauza kwa mchinjaji. Mwaka uliofuata familia yake ililima ufuta kwa majembe ya mkono, kisha mwanawe wa tatu akaenda Tunduma kubeba mizigo, wale wakubwa wakatawanyika na wake zao, na Masanja mwenyewe akarudi kaskazini kukaa kwa dada yake. Alifia huko.